Taa ya Maji Ilikuwa Kijani

Kwako Baba, uliyelazwa upande wa chini wa shamba letu la majani chai, mahali Mama hupita kila siku akienda kuchuma,

Sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, na ungekuwa hapa ungeniuliza nimekumbwa na nini leo. Karibu mwaka mzima sasa, huku Kimulot watu wanasema ulisinzia kazini pale kiwanda cha chai, ndipo boila ya mvuke uliyokuwa ukiichunga ikakauka maji, ikapasuka na kukuua. Kanisani wanasema kwa sauti ya chini. Kule tunakopimia majani wanasema waziwazi, Mama akiwa papo hapo na kikapu mgongoni. Mimi nilijua tangu siku ile kwamba hukusinzia, na nilinyamaza. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, asome anayetaka.

Unakumbuka ile redio mbovu uliyoleta nyumbani nikiwa darasa la nne? Mama alilalamika kwamba tumejaza takataka kwenye meza yake, ukamwambia atulie, mtoto huyu ataifufua. Wewe ulishika tochi, mimi nikashika bisibisi. Redio haikulia hata siku moja, lakini ulizunguka kwa majirani ukisema una fundi nyumbani. Nilipofungua kibanda changu cha kutengeneza kompyuta kule Merigi, ulikuwa ukija siku zako za mapumziko, unakaa kwenye benchi na wateja, unawasimulia jinsi ile redio ilivyoimba. Uongo mtupu, Baba, na mimi niliupenda sana.

Halafu panya wa kiwandani wakatafuna waya wa skrini yako ya kazini, ule unaoiunganisha na kompyuta. Uliuleta umeuviringisha kwenye gazeti, ule waya wa zamani wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili pembeni. Sikuwa na mpya wa aina hiyo, kwa hivyo nikakata palipotafunwa nikaunganisha kichwa kingine. Ulitaka kuelezwa kila kitu. Ulihesabu pini kwa njiti ya kiberiti, tano juu, tano katikati, tano chini. Nikakwambia ya kwanza inabeba rangi nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu, na kila rangi ina njia yake ya kurudi kwenye mstari wa katikati: ya sita, ya saba na ya nane. Ya kumi na tatu na ya kumi na nne hazibebi rangi, zinapanga picha tu, moja kwa upana na nyingine kwa kimo. Ukaniuliza ipi ikikatika ni mbaya zaidi. Nikasema ni hizo mbili, kwa sababu picha itayumba au itapotea kabisa. Nilikujibu bila kufikiri, na kidomo changu hiki cha kujua kila kitu.

Kumbe mbaya zaidi ni ile ambayo ikikatika picha inabaki.

Kesho yake ulinipigia kutoka kazini. Meza yenu ilikuwa imebanwa ukutani, ukauchomeka waya kwa kupapasa na kuusukuma kwa nguvu, pini moja ikakunjika. Ulisema picha imekuja sawa, ila kila palipokuwa peupe pamegeuka rangi ya buluu-kijani, kama maji ya dawa ya kuogesha ng'ombe. Ukacheka. Nilijua papo hapo ni pini gani. Nikakwambia, "Ni nyekundu tu imekosekana, Baba. Haina neno. Nitakuja Jumamosi."

Jumamosi ile nilikuwa na wateja. Iliyofuata pia. Na sikukuuliza hata mara moja ile skrini inaonyesha nini.

Nilikuja kujua baada ya mazishi. Ni skrini nyeusi, na kila mashine imechorewa taa yake. Kijani, mambo yako sawa. Njano, maji yanapungua. Nyekundu, zima moto upesi. Sasa sikiliza, Baba: njano ya skrini hutengenezwa kwa kuchanganya nyekundu na kijani. Toa nyekundu, kinachobaki ni kijani. Na ile taa nyekundu yenyewe inakuwa nyeusi juu ya weusi. King'ora nacho kilikuwa kimeshindiliwa kitambaa kwa sababu kililia ovyo kila stima ikiyumba na balbu kufifia, na ni ninyi wenyewe mliokishindilia, tusidanganyane.

Alasiri ya ajali mvua ilikuwa ikipiga mabati ya kibanda changu simu yako ilipoingia.

"Chebet, taa ya maji imepotea kwa skrini."

"Ni waya, Baba. Utikise kidogo."

Ukatikisa. Nilikusikia ukitikisa, kwa subira kama kawaida yako. Ukasema haijarudi, wacha uende ukaangalie boila kwa macho yako. Ukaiweka simu mezani bila kuikata. Niliyoyasikia baadaye sitayaandika, kwa sababu Mama atasomewa barua hii.

Kiwanda kilimpa Langat, mdogo wangu, nafasi yako, kama wanavyofanya mzee akifia kazini. Mama alishukuru. Boila mpya ikaletwa. Chumba chako chenye skrini hakikuguswa na mvuke wa mlipuko, ila mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba kila kitu chako kiliteketea. Jana usiku tukila, Langat akasema kwa kujivuna kwamba kazini anatumia waya ule ule uliotengenezwa na dada yake. Akasema rangi yake ni ya ajabu kidogo, lakini Baba aliuacha hivyo na yeye ameuacha hivyo. Nikaweka tonge chini. Asubuhi ya leo nikachukua waya mpya nikaenda.

Nilimkuta kwenye kiti chako anakunywa chai. Taa zote zilikuwa kijani. Nikachomoa waya wangu, nikachomeka mpya, na peupe pakarudi peupe. Taa ya maji ikawa njano.

"Umeharibu nini, dada?" akaniuliza. "Si ilikuwa kijani?"

Nikamwambia afungulie maji kwanza, maswali baadaye. Akakimbia. Nilibaki peke yangu na ile njano, Baba, na sijui ilikaa muda gani kabla ya kuwa kijani cha kweli.

Aliporudi alikaa, akauokota waya wa zamani, akaigusa ile pini iliyokunjika. Akaniuliza kama na wewe uliona kijani. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama kuna mtu ulimwambia. Nikasema ulinipigia mimi, nikamweleza nilivyokujibu, neno kwa neno. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Mwambie Mama kabla sijatoka shifti, ama nitamwambia mimi."

Anatoka saa kumi. Sasa ni saa tisa na nusu. Mama ameniita mara mbili nikanywe chai, na sauti yake leo ni nyepesi, kwa sababu majani ya mvua hii yamepata bei nzuri. Naogopa kuingia jikoni kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nikitoka humo, huenda Mama akabaki na mtoto mmoja tu wa kuzungumza naye.

Sikuombi unisamehe leo. Pumzika, Baba. Ulikuwa macho. Nainuka sasa kwenda kumwambia.

Ni mimi, binti yako mkubwa.