Kirungu Ulichokiomba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi na watoto, na uwaambie watoto kwamba shangazi yao anawakumbuka. Habari za shingo? Nasikia daktari ameagiza uivae ile kola wiki mbili zaidi. Pole sana. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini kula anakula na maneno anayo yale yale. Mimi naendelea na gereji yangu, na usingizi naupata mzuri kuliko wakati wowote tangu Baba atutoke.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, wewe umeshafunga kikao. Barua haikatizwi, Kaka, na kwa kuwa shingo haigeuki utaisoma umekaa wima kama mwanafunzi.

Nianze na gari la Baba, maana najua hata kulitaja kunakukera. Milango miwili, limekaa chini chini, bodi nyekundu, gia za mkono, na kiti ambacho mtu hakikalii bali anakivaa. Wewe ulipandishwa mara moja ukiwa kidato cha pili, ukatapika kwenye kona ya tatu, ukasema hilo ni kopo la wazee. Tangu siku ile Baba akawa ananichukua mimi. Tulikuwa tukienda kwenye uwanja wa nyuma ya maghala, ananifunga kitambaa machoni gari likiwa limesimama, ananitajia gia na mimi natafuta kwa mkono. Kirungu cha gia, pale kiganja kinaposhika, kilikuwa kimelika hadi namba zote zimefutika. Alikataa kukibadilisha. Aliniambia kwamba anayesoma namba anaendesha karatasi.

Na gia zenyewe unajua zimekaa vipi? Hujui, na ndiyo maana nakuandikia. Kwenye gari lile gia ya kwanza iko kushoto chini. Kushoto juu, mahali ambapo magari karibu yote yana gia ya kwanza, pale ndipo ilipo rivasi, gia ya kurudi nyuma.

Baba alipofariki, hata viti vya wageni vilikuwa havijarudishwa, uliingia chumbani kwa Mama ukachukua ufunguo kabatini. Ulimwambia kwamba gari kama lile mwanamke hawezi kulimudu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe mkononi. Ukanipita. Mwaka mzima ukaliweka kwako chini ya turubai, ukiwafunulia wageni na kuwawashia injini, na kila safari likivutwa kwa kamba, eti unalitunza lisichakae.

Hayo ningeyameza. Lakini siku moja mwenyekiti wa chama chenu cha wapenda magari ya zamani alikuja gereji kusafishiwa kabureta. Akanipongeza. Alisema nina bahati ya kuwa na kaka mvumilivu, aliyenifundisha kuendesha gari lile akinifunga kitambaa machoni. Kaka, nilishika spana nikashindwa kukumbuka nilikuwa nafungua nini. Gari ulikuwa umelichukua. Sasa ulikuwa umemchukua na Baba. Kuanzia siku ile nilikuchukia, na silisemi hilo kwa kuzungukazunguka.

Kisha ukaja mwenyewe, wiki moja kabla ya maonyesho yenu, gari likiwa nyuma ya lori la kuvuta. Mbele ya mafundi wangu na wateja wawili ukaniagiza nisafishe plagi, nibadilishe oili, na nisithubutu kulitoa nje kulijaribu. Halafu ukanivuta pembeni ukaniomba nikuwekee kirungu kipya chenye namba, kwa sababu wageni wanauliza gia ziko wapi. Nilikuuliza kama ungependa tukae humo saa moja tu, nikuonyeshe, sisi wawili, bila mtu kujua. Nakuapia nilimaanisha. Kama ungekubali, mambo yangeishia pale. Ulicheka kwa sauti ili kila mtu asikie, ukasema ulikuwa unaendesha wakati mimi bado natambaa.

Ya uwanjani siku ya maonyesho unayajua, ila acha nikusimulie ulivyoonekana kutokea nje. Mama alikuwa safu ya mbele na mwavuli wake. Ulishika maikrofoni ukasema vijana wa siku hizi na otomatiki zao hawaendeshi, wanabebwa. Kwamba dereva ni mguu unaosikia klachi na mkono unaojua gia bila kuulizwa. Watu wakapiga makofi. Maneno yale yalikuwa ya Baba, neno kwa neno, na mimi ndiye niliyekusimulia, usiku wa matanga, tulipokuwa bado tunazungumza. Na nyuma yako, hatua chache tu, lilikuwa limesimama gari lako jipya, otomatiki, viti bado vina nailoni za dukani.

Ukaingia. Ukatazama kirungu. Ukasukuma kushoto juu, ukakanyaga mafuta kama mtu anayepaa, ukaachia klachi. Ulikuwa unatazama mbele na unapunga mkono, Kaka. Ulipunga mkono mpaka mwisho. Bampa la gari la Baba ni chuma, lako plastiki. Uso wote wa lile jipya ulikunjika kama pua ya mtoto anayenyweshwa dawa.

Mama alicheka. Nataka ulijue hilo, kwa sababu tangu msiba hakuwa amecheka. Alicheka hadi mwavuli ukamponyoka, akasema, jamani, kama baba yenu! Wewe hukuelewa. Siku ile ya kwanza alipolileta gari nyumbani, Baba alifanya kosa hilo hilo, akabomoa kona ya ukuta wa jiko. Lile pengo lenye saruji ya rangi nyingine, ulilolipita utoto wako wote bila kuuliza, ni lake.

Wewe ukapiga kelele kwamba gia zimekufa, kwamba mimi ni fundi wa ovyo. Ukasema mbele ya mwenyekiti kwamba takataka lile ni langu, nilichukue, hutaki kuliona tena, na jioni ile ile ukanisainia karatasi na yeye akatia sahihi ya shahidi.

Sasa sikiliza. Gia hazikufa. Gari halikuwa na ubovu wowote. Dukani niliona virungu viwili. Kimoja kilikuwa na mpangilio wa gia za gari la Baba. Nilikishika, nikakirudisha, nikanunua kingine, chenye mpangilio wa magari ya watu wote. Na asubuhi ya maonyesho uliponipa ufunguo wa gari lako jipya nikutafutie maegesho ya kivulini, sikutafuta kivuli. Nililiegesha pale kwa makusudi, nikapima kwa hatua zangu, nikafunga kamba pande zote mbili ili asipite mtu wala mtoto. Shingo yako sikuikusudia, na kwa hiyo peke yake naomba radhi. Mengine yote nilikusudia, na ningerudia kesho.

Mama nimemweleza. Aliniuliza kama kile kirungu cha zamani ninacho bado. Nimekirudisha mahali pake.

Chako kiko ndani ya kifurushi hiki. Uliomba mwenyewe. Sikukitia posta, nimekileta kwa mkono, nikakiacha getini kwako pamoja na barua. Ule muungurumo uliokuamsha asubuhi ulikuwa wangu, nikipunguza gia, ya tatu, ya pili, kwenye kona ya nyumba yako, bila kutazama.

Wasalimie wote, umbusu mdogo, na Mama anasema usisahau dawa.

Ni mimi, mdogo wako,
aliyefundishwa na Baba