Pikilesi ya Baba Sifa

Mutaa wa Kasuku, Kindu

Kwa Yaya wangu Jozefina, dada yangu mukubwa,

Jambo yako, Yaya, na jambo ya wote wenye kulala chini ya paa lako kule Lubumbashi. Mugongo wako unaendelea namna gani? Yule mujukuu wako wa mwisho ameanza kutembea? Huku mvua ni nyingi, Lualaba imejaa mpaka wauza samaki wa pale bandarini wamesogeza meza zao juu karibu na barabara. Mimi mwili uko, silalamiki. Ni mume wangu, Baba Sifa, njo haendelei, na njo sababu nimekaa chini nikuandikie. Kwa simu nimeshindwa. Kila ukiniuliza, "Shemeji iko namna gani?" ninasema, "Kidogo kidogo," halafu ninasingizia betri inakufa. Haikuwa betri, Yaya. Barua hii nitamupa jirani mumoja anayepanda treni kuja huko kwa dada yake, atakuletea mukononi.

Kwanza, asante kwa chupa uliyotuma. Ilifika nzima, umeifunga vizuri katika kile kitambaa cha mama. Najua ulitembea maduka ya chakula, alimantasyo zote za muji, kuitafuta, na najua ulifurahi ulipoiona. Lakini si ile. Karatasi ya juu inafanana, ndani ni kitu kingine, kijani, sukari tupu. Ile ya zamani unaikumbuka: sosi nzito ya manjano, ndani vipande vidogo vya matango, vitunguu na shufleri, ile kabichi nyeupe sawa ua. Ukiweka mudomoni inakuja uchachu kwanza, halafu sukari, halafu mutarde, ile haradali, inakupanda puani mpaka macho yanatoa machozi. Sisi tuliita pikilesi, na hata leo sijui wenyewe wanaiitaje.

Wewe ulikuwa shahidi. Baba Sifa alipokuwa ananichumbia, baba alikukataza kuniacha peke yangu naye, basi tukaenda watatu pale karibu na gare ya huko, kwenye kituo cha treni, kwa yule muzee aliyekaanga nyama ya kusaga na kuiweka katikati ya mukate. Amburga! Ulikula yako, ukakula nusu ya yangu, na kijana wa watu amekaa anakuangalia tu. Akamwambia yule muzee, "Ongeza pikilesi kwa yaya mukubwa, juu yeye njo ataamua." Tulicheka mpaka watu wa gare wakageuka.

Wakubwa wake wa reli walipomuhamisha hapa Kindu kuendesha treni, kila safari ya Katanga alirudi na chupa ya pikilesi. Sifa alizaliwa hapa na akakua nayo. Mutoto hakupenda pipi, hakupenda biskwiti. Alichovya muhogo wa kuchemsha katika pikilesi, analamba vidole, pua inatoka mayi, anasema, "Mama, inaniuma vizuri."

Halafu vita ikaja, na treni ikakatika. Ile miaka hatukuweza kuandikiana, na ilipoisha wewe ulisikia tu kwamba Sifa hayuko tena. Ulilia nami kwa simu, ukaniuliza ilikuwa namna gani, nikakuambia ni surua. Ni kweli ilikuwa surua. Ila sijakusimulia siku yenyewe.

Ile wakati muji ulikuwa umefungwa. Chumvi ilikuwa haionekani, sabuni haionekani. Watu wenye bunduki walikuwa wanaingia ndani ya nyumba, wanachukua sufuria zenye chakula zikiwa moto. Baba Sifa, muntu aliyezoea kukaa juu ya injini kubwa, alikuwa anasukuma baiskeli kwa miguu kwenda upande wa Pangi, amebeba mafuta ya mawese, arudi na muchele. Akichelewa, nilihesabu amekufa. Tulikuwa na chupa moja ya mwisho, iko nusu. Aliizika chini ya jivu nyuma ya jiko, sawa muntu anayezika zahabu, na Sifa tulikuwa tunamupa kidogo kwa ncha ya kisu, Jumapili tu.

Surua ilipomushika, alikataa kila kitu. Uji alitema, mayi ya matunda alitema. Macho yamefunga, midomo imepasuka. Baba yake akatoa chupa kwenye jivu, akaipangusa na shati lake. Ndani hakukuwa kitu, ilikuwa imebaki tu ile rangi ya manjano kwenye kioo. Akaingiza kidole, akazungusha, akamupaka Sifa kwenye ulimi. Yaya, mutoto akafungua macho. Akasema, "Tena." Basi baba yake akatia mayi kidogo, akatikisa chupa, akamupa yale mayi. Akayanywa. Akasema tena, "Tena." Na hakukuwa tena. Alikufa saa ya jua kali, mimi nimeshika miguu yake. Chupa tulimuzika nayo, juu baba yake hakutaka kuiona ndani ya nyumba.

Toka ile siku pikilesi haikutajwa kwetu. Treni ilianza tena kutembea, mara inakuja, mara tunakaa miezi bila kuisikia, yeye akazeeka, wakamupumzisha kazi. Hakutaja hata siku moja.

Sasa ugonjwa. Ulianza kama kidonda cha koo. Daktari wa hapa alimwangalia, akaniita pembeni. Akasema kuna kitu kinaota mule ndani ya koo, na mashini ya kukichoma haiko Kindu, iko mbali sana, na hata tungefika, kimeonekana kwa kuchelewa. Akaniambia, "Mama, murudishe nyumbani. Mupe kitu yenye roho yake inapenda." Nilimurudisha juu ya moto-taxi, nimekaa nyuma yake nimemushika, nikasikia mifupa yote.

Nikamuuliza, "Baba Sifa, roho yako inapenda nini?" Nilifikiri atasema samaki wa moshi, ao majani ya muhogo, sombe ya mawese. Akasema, "Pikilesi. Ile ya manjano."

Njo nilikupigia simu, ukazunguka muji wote. Chupa yako ilipofika nikaonja mimi kwanza, nikaificha kabatini. Sikuthubutu kumupa kitu yenye si ile, nikazani roho itamuuma. Nikasema nitaipika mwenyewe, mikono yangu si imepika kila kitu?

Jirani yangu Mama Zaituni, yule anayetengenezaga achari ya ndimu wakati wa Ramazani, akaja kunisaidia. Matango tulipata kwa wanawake wanaolima kando ya muto. Shufleri Kindu haiko, tukakata papai bichi, ndogo ndogo sana. Tukayalaza katika chumvi yatoe mayi. Siki na mutarde nilizipata katika alimantasyo ya pale sokoni, ndiyo vitu vinavyokuja na ndege. Manjano ya unga alitoa Mama Zaituni kwake.

Ya kwanza niliweka unga mwingi wa kuikazisha, ikawa sawa uji wa mutoto. Ya pili siki ilizidi. Mama Zaituni aliweka kijiko mudomoni, akafunga macho, akakimbilia nje kutema. "We mama," akasema, "unatengeneza pikilesi ao dawa ya kuua panya?" Tukacheka wawili pale jikoni, na mimi nilikuwa sijacheka toka daktari aniite pembeni.

Hata hivyo nilimupelekea mume wangu ile ya kwanza, kidogo, juu ya uji, nione. Akaizungusha mudomoni, akameza kwa shida, akasema, "Njo ile." Nikajua anasema ndiyo yenyewe kwa kunihurumia. Nikarudi jikoni.

Ya tatu, Yaya, nilipoionja nilikaa chini sakafuni. Ilikuwa yenyewe. Uchachu, sukari, halafu puani. Nilimuona Sifa na muhogo wake. Nikamuita Mama Zaituni, akaonja, akaniwekea mukono kwenye bega. Nikapondaponda nyama kwa kisu, nikaikaanga, nikapasua mukate, nikatengeneza amburga yenyewe, hata kama nilijua haiwezi kupita kooni. Nikaiweka mbele yake aione. Halafu nikamupa pikilesi kwa kijiko.

Akasema, "Njo ile."

Vilevile, sauti ileile, uso uleule. Nikafurahi, nikajikaza nifurahi, lakini kitu kikanichoma. Kesho yake nilimupelekea uji mutupu, juu pikilesi ilikuwa bado jikoni na nilitaka kwanza apate nguvu. Nikasimama mulangoni nimeshika kitambaa. Akameza kijiko kimoja, akaniangalia, akasema, "Njo ile, Mama Sifa. Umeipata."

Nikamwambia, "Ile ni uji tu."

Akaangalia bakuli. Akaliweka chini pole pole.

"Kinywa changu kimekufa," akasema. "Ni siku nyingi. Sisikii chumvi, sisikii sukari, pilipili sisikii. Ni sawa kula karatasi."

"Sasa kwa nini unaniambia njo ile?"

"Juu ya vile unasimama pale mulangoni."

Nilikaa kando ya kitanda. Nikamuuliza kwa nini aliomba pikilesi, kama kinywa kimekufa tangu mwanzo. Akasema ilipoanza alikuwa bado anasikia kidogo kidogo, upande mumoja wa ulimi. Akasema, "Nilitaka nisikie mara moja kitu yenye mutoto alisikia mwisho. Nilizani nitawahi." Kisha akageukia ukuta.

Nilitafuta siki, nikatafuta mutarde, nikakatakata papai mpaka vidole vikanuka, na kinywa chenyewe kilikuwa kimekwisha kufungwa kabla sijawasha moto. Pikilesi iko, chupa mbili zimejaa. Mama Zaituni anasema nizigawe kwa watoto wa jirani. Bado sijaweza. Sili, na sitoi.

Basi nakuomba mambo mawili. Usitafute chupa nyingine, na usitume hata dawa, juu watu wa huko watakuuzia chochote wakikuona unalia. La pili ndilo kubwa. Ulimi umekufa lakini masikio yake yako mazima. Juzi treni ya mizigo iliingia, na yeye amelala pale akasema, "Huyu dereva anafunga breki mapema sana, ni mutoto." Ananisikia nikipita kwa miguu peku, ananisikia nikilia nje, nikificha. Ninamusomea, ninamusimulia habari za sokoni, lakini sauti yangu ameisikia miaka yote, na mimi maneno yamekwisha. Wewe alikuwa anapenda kukusikia ukiongea Kiswahili chenu cha Lubumbashi, ukimutania. Treni ikitoka, Yaya, panda. Kama haitoki, tafuta njia. Sikuambii utamukuta. Daktari hasemi, na mimi nimeacha kuuliza. Ukimukuta, kaa karibu na kichwa chake uongee, kitu chochote, hata bei ya makala ya jikoni. Ukikuta amekwenda, utaongea na mimi.

Nisalimie kaka yetu fundi cherehani na muke wake, shangazi mwenye kuuza makala, na yule shemeji mwalimu, umwambie watoto wake wasome kwa niaba ya huyu aliyelala hapa. Mama Zaituni anakusalimia, amesema chumba chake cha mbele kiko wazi, utalala kwake. Baba Sifa namusomea barua hii sasa hivi, nimeruka pale anapotajwa daktari. Anasema usimubebee kitu mukononi.

Ni mimi mudogo wako anayekungojea pale gare,

Mado, mama ya Sifa