Viganja Vyangu Vinawaka na Jirani Ameacha Dawa

Tantine Ornella mpendwa, naomba msaada, na nakuandikia nimekaa chini maana nikisimama nyumba inazunguka. Mimi ni mama mmoja wa hapa mtaani Kasha, mwimbaji wa kwaya, na yote yalianza kwa kukosa usingizi, basi nikaenda kwenye chama cha wamama ambako psychologue, mtaalamu wa mambo ya akili, alitufundisha kufumba macho na kupumua polepole, na kweli nikaanza kulala, ningeishia hapo nisingekusumbua, lakini nikajiambia kama kidogo kinasaidia basi kingi kitamaliza kabisa, nikamfuata kwenye simu bwana mmoja anayefundisha kuhema harakaharaka ili kuamsha nguvu inayolala kwenye uti wa mgongo, na mwingine anayefundisha kutuma énergie, nguvu ya kuponya, kwa viganja, halafu kikundi chetu cha sala kikatangaza jeûne sec, bila chakula wala maji, nami sikutaka kuacha hata kimoja, nikavifanya vyote pamoja.

Siku ya kumaliza mfungo, nikiwa nahema kama yule bwana wa simu katikati ya nyimbo, viganja vikaanza kuchonyota, vikawaka, nikaanguka chali. Nilipofungua macho wenzangu walikuwa wanapiga vigelegele kwamba nimepokea karama ya kuponya. Mume wangu, Papa Gentil, alipokuja kunichukua alisema tu, "Ile iko njaa, haiko karama," nami nikamnunia. Maana Tantine, nisikufiche, nilifurahi. Watu wananiita Maman Mikono, wananiachia nafasi ya mbele kanisani, wanakuja na mayai niwaguse vichwa, na ili viganja vipate moto inabidi niheme tena kwanza, na kizunguzungu kinazidi.

Sasa jirani yangu Eulalie, rafiki yangu tangu tulipoolewa, ambaye anaugua tension, shinikizo la damu, alinikumbatia jana asubuhi akaniambia, "Tangu ulinigusaka, kichwa haiumi tena. Dawa ya tension nimeacha, mikono yako inatosha." Nikacheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia. Nikisema ukweli nitaonekana muongo mbele ya kikundi chote, nikinyamaza namwogopea. Nifanye nini? Na haya mazoezi, kuna namna ya kuyachanganya bila kuanguka?

Maman Mikono, Kasha

Mama wa Kasha (lile jina lingine sitakuita), kabla hujaendelea kusoma, chukua mayai waliyokuletea, kaanga, ule, unywe maji.

Umekula? Haya. Nilisoma barua yako nikicheka, mpaka nilipofika kwenye habari ya Eulalie, hapo nikaacha.

Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndiyo inakubali mawese, bilinganya, vitunguu na samaki kwenye chungu kimoja. Mwili wako si sombe. Mtu yeyote akihema haraka kwa muda, viganja vinamchonyota na kichwa kinakuwa chepesi, hata asiyesali. Akiwa na tumbo tupu na koo kavu, anaanguka. Psychologue alikupa kitu kimoja, kikakusaidia, wewe ukakiona kidogo. Rudi kwenye kupumua polepole, hicho peke yake, ukiwa umekaa na umekula. Ukitaka kuongeza kingine, subiri mwili uzoee, na umuulize mtu anayekuona kwa macho, maana bwana wa simu hakukuona ukianguka. Kusali sali, mimi pia nasali. Ukifunga, kunywa maji, na siku hiyo kuhema uache. Kizunguzungu kikibaki, muone daktari.

Ulifurahi kuheshimiwa, na sikulaumu sana, ni nani asiyependa nafasi ya mbele? Lakini Eulalie amekukabidhi uhai wake, nawe ukacheka naye. Tension haipigi kelele. Kichwa kinaweza kutulia huku damu inapanda, na siku atakayoanguka yeye, hakuna atakayepiga vigelegele.

Kwa hiyo nenda kwake leo, usingoje misa ya Jumapili. Usitoe hotuba. Mwambie, "Eulalie, siku ile nilianguka juu ya njaa. Mimi siponyeshi mutu." Atakasirika, mwache akasirike. Kikundi utakiambia baadaye, na Papa Gentil utamwomba msamaha, kwa sababu aliona mapema kuliko wote. Leo hii hii mshike Eulalie mkono, mwende pamoja mpaka centre de santé, wampime, wamwambie namna ya kuanza tena dawa zake, na usimwache njiani. Mkono wako utakuwa wa baridi kwa woga. Utamfaa hivyo hivyo.