Dagaa Wasio na Mchanga

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuitikia, lakini siwezi kuzungumza nawe bila salamu.

Unakumbuka ulipoacha kuanika dagaa mchangani pale Kirumba? Ulisimamisha miti, ukatandaza nyavu kuukuu juu yake, wenzako wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama mmoja akakuuliza, "Dagaa umewapa kitanda, mumeo analala wapi?" Ukamjibu kwamba mume naye akikauka vizuri utampandisha.

Dagaa walikauka safi, wanang'aa. Wanunuzi wakawaogopa, wakasema wametiwa dawa. Mimi, msomi wako wa darasa la saba, nikaona nikusaidie: nikawanyunyizia mchanga wafanane na wa wengine. Hukunichapa. Ulinijaza dagaa hao kiganjani, ukasema, "Tafuna." Nikatafuna mchanga ule mpaka machozi. Kesho yake ukawaambia wanunuzi neno hilohilo: watafune wako, kisha wa jirani. Masika yalipofika, ufuo mzima ulikuwa na vitanda.

Wazo lile ulilipata wapi? Sikukuuliza, na sasa swali hilo linanisumbua.

Siku hizi mimi ni karani Nyamagana, katika ofisi inayogawa mabanda ya biashara. Wenzangu wawili wamepunguzwa kazini, nami hata kukohoa naogopa. Juzi nilitumwa kukagua kikundi cha akina mama wa Mwaloni wanaoomba banda la kufanyia kazi Nyakato. Wamefunika vichanja vyao kwa nailoni. Nje mvua inanyesha, ndani dagaa wanakauka. Niliingiza mkono, nikakuta joto kama la jikoni. Nikauliza maswali mengi mpaka mwenyekiti wao akataka kujua kama nimekuja kukagua au kuposa.

Fomu ya maombi yao inauliza biashara hii ina jipya gani. Mkuu wangu hakwenda kuona. Aliniambia, "Dagaa ni dagaa, binti. Andika hakuna." Nikiandika hivyo, wanafutwa kwenye orodha. Nisipoandika, huenda nikafutwa mimi.

Nimeandika nailoni, joto na mvua, vyote. Nikairudia fomu mara mbili. Kesho asubuhi nitampelekea, pamoja na dagaa wao waliokauka wiki hii ya mvua, nimewafunga kwenye gazeti. Sitahutubia. Nitawaweka mezani kwake na kusema lile neno lako moja.

Lala pakavu, shangazi.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ambaye meno yake bado yanaukumbuka mchanga ule.