Yamekutoka Tena

Jumapili, 8 Machi
Kidosho amekuja. Mdogo wangu huyo, mara moja kwa wiki, marashi yanamtangulia mlangoni. Hajaketi, mama kashamtaja jina. Jina lake kamili! Mimi ninayemwogesha na kumlisha kaniambia, "Dada, mletee mwanangu chai." Anadhani mimi ni msichana wa kazi. Nikaleta. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema — mimi mwenyeji ndiyo kwanza naugua. Nina wivu. Naandika tu, hapa hakuna wa kunicheka.

Jumatano, 11 Machi
Nimeamka na malengelenge mdomoni, pembeni, palepale pa siku zote. Saluni nimeshinda na barakoa, wateja wasije wakakimbia. Jioni namvua mama viatu, akanishika kidevu. Akanitazama wee.
"Mwanangu, yamekutoka tena?"
Akauliza mafuta ya mgando yako wapi, akanipaka mwenyewe. Mwanangu! Nimelia huku naosha vyombo.

Alhamisi, 12 Machi
Bado ananijua.

Jumapili, 15 Machi
Kidosho katukuta mama ananipaka mafuta. Leo yeye ndiye aliyeambiwa alete chai. Kanuna, nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Jikoni akaniuliza mbona yeye hajawahi kutokwa na malengelenge. Nikamweleza alivyonisimulia shangazi: mimi mama alinibusu nikiwa mchanga, malengelenge yamemtoka mdomoni hivyohivyo. Kidosho alipozaliwa, mkunga alikuwa ameshamkataza mama kubusu mtoto. Kidosho akasuuza kikombe kile kile mara mbili.
"Kwa hiyo mimi sikubusiwa," akasema.
Kumbe naye ana wivu!

Jumanne, 17 Machi
Kidonda kimekauka, gamba limebanduka. Mama kaniuliza, "Dada, mwanangu anakuja lini?" Basi tena, nimerudi kazini.

Nimepita zahanati. Muuguzi anasema wataalamu wanachunguza kama virusi vya malengelenge haya vina uhusiano na ugonjwa wa kusahau uzeeni. Hawana hakika bado. Wengi wanavyo na akili zao timamu. Ila mimi yananitoka mno, na mama ndiyo hivyo, kwa hiyo kanipa vidonge. Hakuniahidi kwamba vitazuia kusahau. Nimeze mdomo ukianza tu kuwasha, huenda malengelenge yasitoke kabisa. Yasitoke! Nikamshukuru, nikaondoka nikicheka peke yangu kama mwehu.

Jumamosi, 28 Machi
Mdomo unawasha tangu mchana. Palepale.

Vidonge viko mezani. Maji nimeshamimina. Mimi sina mtoto, nikisahau hakuna wa kunivua viatu — hilo nalijua, nalirudia kama dua. Lakini kesho Kidosho anakuja na marashi yake. Nikimeza, chai nitaleta mimi.

Mama anaita kutoka chumbani. "Dada! We dada!"

Nimeitika abee. Glasi bado imejaa.