Ulinirudisha Katikati ya Daraja

Dada Moraa mpendwa,

Neno hilo la mwisho nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Bado nina hasira na wewe, na usitegemee barua hii iishie kwa machozi matamu.

Jumamosi nilirudi kwenye lile daraja lenye paa, kule hifadhini. Majani yalikuwa yamegeuka rangi kama mwaka jana, watu wamejaa na mbwa wao, nami nikasimama mlangoni pa daraja kama mtu aliyekuja kutafuta ugomvi.

Unakumbuka ulivyonipigia simu? "Chukua off Saturday, kuna daraja nataka kuona." Nikakuuliza kama madaraja ya mto Mississippi yameisha. Ulipokuja ukanirushia funguo. "Leo wewe ndio una-drive." Wewe, ambaye hukuwahi kumwachia mtu usukani, ukalala njia nzima kutoka Maplewood. Nilidhani ni uchovu wa zamu za hospitali.

Tulipofika ukasoma kibao kwa sauti: daraja ni la enzi za mikokoteni ya farasi, na paa liliwekwa ili mvua isiozeshe mbao. "Kumbe paa si la watu!" ukacheka. "Wazungu nao, daraja wanalijengea nyumba." Tukaingia. Ndani kulikuwa na kigiza cha ubaridi na harufu ya mbao kuukuu, nawe ulitembea umeshika ukuta.

Katikati ukasimama. "Kerubo, hapa panatosha. Rudi sasa."

Nilicheka mpaka nikainama. Nyumbani ndivyo tulivyoaga wageni: unamsindikiza mtu hadi katikati ya daraja la mtoni, yeye anasema panatosha, wewe unageuka bila kuangalia nyuma. Mama alikuwa akisindikiza watu mpaka chakula kinaungua jikoni. Hapa Minnesota wanakuaga saa nzima wameshika kitasa cha mlango, lakini hatua moja nje hawatoki. Nikadhani unanitania, umekumbuka nyumbani. Nikarudi mbio mbio kama mtoto, ukavuka peke yako. Nikakupiga picha ukiwa ng'ambo, juani, umeinua mkono.

Ulikuwa unajua unaumwa. Februari ulianguka kazini, na nilipofika hukuwa unasema tena. Mwenzako mmoja akanikumbatia kwenye korido. "She was so brave the whole summer." Summer gani? Jasiri kwa lipi? Akashtuka. "Oh honey. She said you'd cry and tell your mom."

Ndiyo, ningelia. Mama pia ningemwambia. Halafu ningekuogesha. Kazi yangu ni hiyo, Dada: naogesha mama za watu katika nyumba ya wazee pale Oakdale, najua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, najua kumbembeleza anayekataa uji. Watu baki walikuletea supu kiangazi kizima, na mimi nilikuwa mtaa wa pili nikikutumia vichekesho WhatsApp. Ulijijengea paa, kumbe mvua ni mimi. Inaniuma hata sasa ninavyoandika.

Mwili wako ulipelekwa nyumbani. Makaratasi yangu hayajatoka, nikiondoka sirudi, kwa hiyo nilikomea uwanja wa ndege. Nilizuiwa njiani kwa mara ya pili. Picha niliyokupiga darajani ndiyo waliyoichapa kwenye programu ya mazishi, na kila mtu akasifu ulivyotabasamu.

Safari hii nilivuka daraja lote. Ng'ambo kuna benchi na njia ya kokoto, basi. Hakuna kitu huko ambacho sikustahili kukiona.

Nikiwa bado kwenye benchi simu ikalia. Alikuwa Mama, na swali lake lile lile la kila wiki.

"Moraa ulimsindikiza vizuri? Mpaka mwisho?"

"Ndiyo, Mama. Mpaka mwisho."

Unaona ulichoniachia? Siri ilikuwa yako, lakini uongo nausema mimi, na nitausema mpaka Mama naye aondoke. Lala, Dada. Sijakusamehe.

Mdogo wako uliyemrudisha,
Kerubo