Uchovu Usiotaka Jinseng

Beibei, Chongqing
9 Juni 2019

Mpendwa mdogo wangu Shiyong,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani huko Vancouver, na kikohozi cha mtoto kimetulia? Sisi tunapumua. Baba anakula uji wake vizuri, na jana alimtukana mtangazaji wa televisheni, kwa hiyo ujue akili bado ni timamu.

Kifurushi chako cha mizizi ya jinseng kimefika, ahsante. Kile cha mwanzo nilikimaliza mwenyewe, maana nilikulalamikia kuwa nimechoka. Nilichemsha na kuku kama ulivyoniagiza. Tumbo likajaa, usingizi ukanikimbia, na uchovu haukusogea. Ikabidi niende kwa tabibu Pu, yule mama wa karibu na kituo cha treni.

Alinishika mshipa wa mkono, akautazama ulimi wangu, kisha akauliza, "Ukienda sokoni unarudi umechoka zaidi?"

"Hapana, narudi mwepesi."

"Na ukishafika mlangoni kwako?"

"Hapo ndipo miguu inakuwa mizito."

"Basi jinseng ya nini, dada? Hiyo ni ya aliyeishiwa nguvu. Zako zipo, zimekwama tu. Unamlisha mtu aliyeshiba halafu unashangaa anavimbiwa."

Nilidhani atasema ni unyevu wa hewa ulioniingia mwilini, maana hapa kwetu kila mtu akichoka anausingizia unyevu. Kumbe huo hulemea mwili kutwa nzima, popote ulipo. Uchovu wa Baba nao ni mwingine: tangu apooze, akiongea kidogo tu jasho linamtoka. Wangu umekaa kifuani, nashusha pumzi ovyo. Tabibu akaniuliza nimemeza neno gani. Nikasema sina. Akacheka.

"Haya, dawa nitakupa. Lakini neno lisipotoka, utakuja hapa mpaka tuwe ndugu."

Dawa nimekunywa, chungu kama shubiri. Sasa nalitoa neno.

Shiyong, nimechoka kumuuguza Baba peke yangu. Yeye hana kosa. Nimekukasirikia wewe. Kila nikikueleza hali yake, unatuma kifurushi, mtaa mzima unakusifu, nami natabasamu. Wahenga hawakukosea: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nimekata shauri. Mwezi wa tisa uje ukae na Baba hadi Sikukuu ya Mwaka Mpya wetu. Mimi nakwenda Leshan kwa binti yangu Qiuyue, atakayekuwa amejifungua. Usiniambie kazi haikuruhusu. Yangu ya kushona nayo haikuniruhusu, nikaiacha. Jinseng hii mpya nampa Baba, na tabibu amekubali kuwa yeye ndiye anayeihitaji.

Nisalimie wifi Yufen, na mtoto wenu Haoran mbusu kwa niaba yangu. Nyumba yenu iwe na afya na amani, na safari yako iwe njema.

Usinijibu kwa kifurushi. Nijibu kwa tarehe ya ndege.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Guilan